Bwana Harusi Naye Asomewe

Harusi ya kanisani hapa Machakos, iwe mjini au huko Mwala, Mithali 31 haikosi. Inasomwa macho yote yakiwa kwa bibi harusi: anaamka kabla kuche, anafuma, anauza nguo, analisha nyumba nzima. Mhubiri anamgeukia, "Umesikia, msichana wetu?" Bwana harusi naye ametulia tu, anatabasamu kama mtu aliyeshinda tenda ya kaunti.

Hebu fungua hiyo sura kuanzia mwanzo. Katika mistari tisa ya kwanza, ni mama anamwonya mwanawe, mfalme Lemueli: usimalize nguvu zako kwa wanawake, achana na pombe, watetee maskini. Hiyo hatusomewi. Tunaruka moja kwa moja hadi mstari wa 10, ni kama onyo la pombe halimhusu mtu yeyote aliyekaa pale mbele.

Kutoka hapo ni shairi. Lina mistari 22, kila mmoja ukianza na herufi ya Kiebrania, kwa mpangilio, toka ya kwanza hadi ya mwisho. Ni shairi la kusifu, si masharti ya kazi. Huyo mwanamke haamriwi chochote. Amri iko mwishoni tu, na tunaamriwa sisi tunaomtazama: alichovuna kwa jasho lake ni chake, mpeni, na mbele za watu asifiwe.

Tumempa? Angalia matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye milima yetu. Mengi yalichimbwa na vikundi vya mwethya, na wengi walioshika majembe walikuwa akina mama, waume wao wakitafuta kazi Nairobi na Mombasa. Udongo ukabaki. Sasa uliza hatimiliki ya hilo shamba ina jina la nani. Mwanamke wa Mithali alijichagulia shamba akalinunua mwenyewe, mstari wa 16, na hakuna aliyemwita kichwa ngumu.

Mtasema sheria ipo. Ndiyo, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu malezi, kazi za nyumbani na za shambani kuwa mchango. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema ndoa pekee haikupi nusu ya mali. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Sawa. Sasa mama aliyeamka gizani miaka 30 atathibitisha na nini? Kuteka maji hakuna risiti. Kulea hakuna risiti. Anayeitwa hodari siku ya harusi anaambiwa alete ushahidi siku ya kuachana.

Kwa hivyo wachungaji wetu, na nyinyi wazee mnaopokea mbuzi za ntheo, endeleeni kusoma Mithali 31. Ila anzeni mstari wa kwanza, mkimkazia macho kijana. Na mkifika ule wa mwisho, msiitikie amina haraka. Muulizeni kwanza, mbele ya wote: jina la mke wako litaandikwa wapi?