Muulize Muuzaji Tarehe ya Mkanda

Na Yusufu Habimana

Gari likizimika ghafla pale Nyabugogo, Kigali, hazipiti dakika mbili vijana wameshalizunguka. Mmoja yuko mlangoni, wengine nyuma, na dereva ameshaambiwa aweke gia ya pili kisha aachie klachi. Ni wema wa kweli, na mara nyingi ni betri tu iliyokufa, basi gari linawaka na watu wanapungiana mikono. Lakini kuna siku ambayo msukumo huohuo ndio unaoimaliza injini. Ni siku ambayo kilichokatika ni mkanda wa taimingi.

Mkanda huu ni wa mpira wenye meno, na ndani yake mna nyuzi imara. Unakaa mbele ya injini, nyuma ya kifuniko, ndiyo maana wenye magari wengi hawajawahi kuuona. Unaunganisha krankishafti, ambayo pistoni zinapanda na kushuka nayo, na kamshafti, ambayo inafungua na kufunga valvu. Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti lazima izunguke mara moja, bila kuruka hata jino. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa kwa anayepanda kutoka Nyabugogo kwenda mjini, kila valvu inafunguka na kufungwa mara 25 kwa sekunde. Pistoni inapofika juu, valvu iwe imeshaondoka njiani. Mkanda ndio unaohakikisha hazikutani.

Ukikatika, kamshafti inasimama papo hapo na baadhi ya valvu zinabaki wazi. Krankishafti haisimami. Uzito wake na magurudumu ya gari bado vinaizungusha, na pistoni zinapanda kuzigonga valvu zilizoachwa wazi. Valvu zinapinda. Wakati mwingine kichwa cha valvu kinavunjika na kudondokea ndani ya silinda, pistoni inatoboka, na hapo fundi ataanza kukueleza bei ya injini nyingine.

Ndiyo sababu nasema gari la namna hiyo lisisukumwe. Kila mzunguko unaoilazimisha injini unaweza kupinda valvu iliyokuwa imesalimika. Dalili yake inasikika: ukigeuza ufunguo, stata inaizungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, mlio mmoja laini usio na mapigo, kwa kuwa silinda hazishiki tena kompresheni. Ukisikia hivyo, acha ufunguo, washukuru vijana, tafuta gari la kukuvuta.

Najua madereva wa siku nyingi watanipinga hapa. Watasema waliwahi kukatikiwa na mkanda kwenye Corolla au Carina, wakafunga mwingine kando ya barabara, wakaendelea na safari. Wanasema kweli. Injini nyingi za petroli za Toyota za miaka ya 1990, kama 4A-FE na 7A-FE, zilisanifiwa hivi kwamba pistoni haifiki ilipo valvu hata ikiwa wazi. Mkanda ukikatika, gari linazimika tu. Magari hayo yalijaa Kigali na yakawafundisha watu wengi somo ambalo halifai kwa gari lingine. Mtu ametoka kwenye Carina amehamia kwenye dizeli, naye bado anaamini kuwa mkanda ni kitu cha kubadilisha kikishakatika.

Kwenye dizeli hakuna msamaha huo. Dizeli hubana hewa mpaka iwe ya moto wa kutosha kuwasha mafuta bila plagi, kwa hiyo pistoni hupanda hadi karibu kabisa na valvu. Na dizeli ndizo zilizotubeba miaka yote. Hiace tulizoziita twegerane zilikuwa na injini za mkanda, na Coaster zilizokuja kuchukua nafasi yake katika njia nyingi za mjini, nyingi zina 1HZ, injini ileile ya Land Cruiser, ambayo nayo ina mkanda. Toyota iliweka kwenye dashibodi za magari hayo taa iliyoandikwa T-BELT, inayowaka kila baada ya kilomita 100,000. Watu wengi hawajui kwamba taa hiyo haiugusi mkanda wala haiupimi. Inahesabu kilomita tu. Fundi akibadilisha mkanda asiirudishe mwanzo, itaendelea kuwaka bure. Na aliyerudisha nyuma kilomita za gari ili aliuze amevuruga pia hesabu ya tahadhari hiyo. Nimeona Coaster ambazo balbu ya taa hiyo ilitolewa kwa sababu inamkera dereva. Gari hilo hubeba abiria karibu thelathini.

Kwa magari madogo hali yetu ina sura yake. Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na gari dogo lenye usukani wa kulia haliruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo hatununui Japani kama majirani zetu wa Tanzania na Kenya. Tunaangalia Korea Kusini, Dubai, Ubelgiji na Ujerumani. Hyundai Santa Fe za kizazi cha kwanza na Kia Sportage za kizazi cha pili, zile zenye dizeli ya lita 2.0, zinatumia mkanda, na ukikatika valvu zinapinda. Volkswagen nyingi za dizeli ni vivyo hivyo. Ulaya kwenyewe kuna injini ambazo mkanda wake unazama ndani ya oili, kama 1.2 PureTech ya Peugeot na Citroën. Mpira wake ulichakaa mapema na kuziba chujio la oili kwa wateja wengi kiasi kwamba mwaka 2024 kampuni ya Stellantis ilirefusha dhamana hadi miaka 10 au kilomita 175,000. Dhamana hiyo haina kazi kwa mtu wa Kicukiro aliyenunua gari hilo likiwa limeshapita mikono mitatu.

Kuna magari ambayo mahali pa mkanda pana cheni ya chuma, na muuzaji atakuambia hilo kwa haraka sana. Muombe namba ya injini, mpelekee fundi wako, usiamini mdomo.

Gharama ya injini inauma, lakini kinachonisumbua zaidi ni milima. Teremka kutoka Shyorongi kuja Giti cy'Inyoni, malori mbele na pikipiki pembeni, injini izimike katikati ya kona. Usukani unakuwa mzito mara moja. Breki zinabaki na akiba ndogo ya nguvu, inayotosha mikanyago michache, na anayezipampu kwa woga anaimaliza kabla hajasimama. Anachotakiwa kufanya dereva ni kukanyaga breki kwa uthabiti bila kuachia, kuwasha taa za tahadhari, kusogea pembeni, na kutochomoa ufunguo, maana usukani utajifunga. Ni mambo ambayo ningependa kila shule ya udereva iyafundishe kwa mkazo ule ule wa alama za barabarani.

Gatsata tuna mafundi ambao wanaweza kufanya kazi hii wakiwa wamefumba macho, na nasema hivyo kwa heshima. Wakikuambia ubadilishe pamoja na tenshena, sili za oili na pampu ya maji kama inaendeshwa na mkanda huohuo, usidhani wanakuongezea bili. Beringi ya tenshena ikikwama inaukata mkanda mpya, na oili inayovuja inaulainisha mpira mpaka meno yanang'oka. Ninachowaomba mafundi ni kimoja: msikubali kufunga mkanda uliotolewa kwenye gari lililochinjwa, hata mteja akilia. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji hutaja kilomita na miaka kwa pamoja, na kinachotangulia kufika ndicho kinachofuatwa.

Lakini miaka tangu lini? Hapo ndipo penye tatizo letu. Gari linauzwa Kigali likiwa na rangi inayong'aa na viti vilivyooshwa, bila karatasi yoyote inayosema mkanda ulibadilishwa lini. Ubelgiji, tangu mwaka 2006, anayeuza gari lililotumika lazima ampe mnunuzi hati iitwayo Car-Pass yenye orodha ya kilomita zilizosomwa kila lilipopita gereji au ukaguzi. Japani mafundi hubandika kibandiko chini ya boneti chenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipofungwa. Kibandiko hicho ni karatasi na kalamu tu, na hakuna gereji ya Kigali isiyoweza kukiandika kesho asubuhi.

Nchi hii haisubiri mafuriko ndipo izibue mifereji. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kwa umuganda kufanya kazi za pamoja kabla hazijawa dharura. Sioni kwa nini tabia hiyo iishie mlangoni mwa gereji.

Kuna wanaoniambia nisubiri umeme utatue yote. Kweli, tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria za petroli hazisajiliwi tena Kigali, mabasi ya umeme yameanza kupita mjini, na mota ya umeme haina valvu wala mkanda huu. Nafurahia hilo. Ila Coaster inayopanda kwenda Musanze leo jioni ni ya dizeli, na itaendelea kupanda miaka mingi ijayo.

Kituo cha polisi cha ukaguzi wa magari cha Remera kinapima breki, taa na moshi, na kimesaidia sana. Hakiwezi kufungua kifuniko cha mkanda wa kila gari, wala siombi hivyo. Naomba cheti cha ukaguzi kiwe na mstari mmoja: kilomita za leo, na tarehe ya mkanda kwa mujibu wa risiti ya gereji. Asiyekuwa na risiti aandikiwe "haijulikani". Mnunuzi akilisoma neno hilo atajua la kufanya kwenye bei, na abiria watakuwa na mtu mmoja zaidi anayewajali. Wewe msomaji usiingoje sheria hiyo. Kama umenunua gari la mkanda na hukupewa tarehe, lipeleke kwa fundi wiki hii, na kabla hujalipa hakikisha ameandika siku na kilomita chini ya boneti.