Matembezi ya usiku: mlango uliofunguliwa kwa vijana wa Mtwara

Agizo la Serikali la Julai 2025 linalowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo kuongoza watalii, limefungua mlango. Kuuingia ni kazi nyingine. Kwa kijana wa Kata ya Mahurunga, kandokando ya Mto Ruvuma, soko la karibu ni Mtwara Mjini na Mikindani, mji mkongwe ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866.

Boma la Mjerumani hutazamwa mchana. Jua likizama, mgeni hurudi hotelini na fedha yake mfukoni. Zanzibar, ambako agizo hilo halitumiki, imekwishaonesha njia: jioni waongozaji huwapitisha wageni kwa miguu katika vichochoro vya Mji Mkongwe hadi Forodhani, na mchoma pweza hupata riziki. Mikindani ina vichochoro, samaki na ngoma ya sindimba. Matembezi hayo yatahitaji taa, ulinzi na mwongozaji mwenye leseni, kwani agizo halikumwondolea raia wajibu huo. Aidha, raia atakayemsaidia mgeni kuendesha biashara iliyozuiwa anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu.