Usitupe Mbachao

Katika mwaka 1086 watumishi wa Mfalme William wa Uingereza walikamilisha kazi kubwa ya kuandika katika ngozi habari za ardhi, mifugo, mashamba na wenyeji wa sehemu kubwa ya nchi ile. Kitabu hicho, kiitwacho Domesday, kingalipo hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini London, na mtu aliyesoma Kilatini aweza kukisoma bila ya msaada wa mtambo wowote. Ilipotimia miaka 900, yaani mwaka 1986, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilitoa Domesday mpya. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, wengi wao wakiwa watoto wa skuli walioandika habari za vijiji na mitaa yao. Lakini safari hii habari hazikuandikwa katika ngozi wala karatasi. Ziliingizwa katika santuri mbili za kusomwa kwa mwanga wa leza, na kuzisoma kulihitaji kompyuta ya BBC iliyounganishwa na mashine maalumu ya santuri hizo.

Haikupita miaka 20 wataalamu wakapiga mbiu ya mgambo. Kufikia mwaka 2002 mashine zile zilikuwa zimekwisha kuadimika, na zilizosalia zilikuwa zikiharibika moja baada ya moja. Kitabu cha zaidi ya miaka 900 kilikuwa kikisomeka. Cha miaka 16 kilikuwa kinaelekea kuwa bubu.

Hatulileti jambo hili mbele ya wasomaji wetu kwa nia ya kuwacheka Waingereza. Tunalileta kwa sababu namna lilivyotokea, na namna lilivyookolewa, lina fundisho kwa wananchi wa visiwa hivi, na zaidi kwa ndugu zetu waliokabidhiwa dhamana katika ofisi za Serikali.

Kwanza yafaa tuijue kompyuta yenyewe. Ilitengenezwa na kampuni ya Acorn ya mji wa Cambridge, ikatolewa mwishoni mwa mwaka 1981, na mwanzoni mwa mwaka 1982 BBC ikaanza kuonyesha katika televisheni mafunzo ya kuwaelimisha wananchi wake juu ya kompyuta. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 32 tu katika ile aina kubwa, kiasi ambacho leo hakitoshi hata kwa picha moja ya simu ya mkononi. Hata hivyo Serikali ya nchi ile ilisaidia kulipa bei yake kwa ajili ya skuli, na kompyuta zaidi ya milioni moja ziliuzwa. Tena ilikuwa mashine isiyoficha siri zake. Mtu alipoiwasha tu, ilimngoja aiandikie amri, na wala haikumchagulia mchezo. Vitabu vyake vilieleza kumbukumbu imepangwaje na kila mlango wa nyuma ni wa kazi gani, hata mwanafunzi akaweza kuunganisha taa, mota au vipimo vya maabara, na akaelewa anachokifanya.

Uwazi huo ulizaa matunda. Vijana wawili walioshiriki kuiunda, Sophie Wilson na Steve Furber, walitoka hapo wakabuni chipu ya ARM, ambayo ya kwanza ilifanya kazi mwezi wa Aprili 1985 ikijaribiwa kwa kuunganishwa na kompyuta hii hii ya BBC. Ukoo wa chipu hiyo ndio uliomo leo ndani ya takriban kila simu ya mkononi tuliyo nayo, Unguja na Pemba.

Sasa basi, nani wanaoitunza kompyuta hiyo leo? Zimo katika majumba ya makumbusho, kama vile Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta pale Bletchley Park, ambako watoto hukalishwa mbele yake na kuambiwa waandike amri kama walivyoandika wazee wao. Lakini sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu wa kawaida, kwa hiari yao, katika saa zao za mapumziko. Mtu huipata mashine iliyolala darini miaka 30. Asiyejua huichomeka katika umeme kwa furaha, na haichukui muda chumba kikajaa moshi wenye harufu mbaya, kwa sababu kapasita za kisanduku cha umeme hupasuka ganda kwa uzee na kuingiwa na unyevu. Ajuaye huzibadilisha kwanza. Kisha huzichomoa chipu katika vishikio vyake, husafisha kutu, huzirudisha, hupima, ndipo huwasha. Hainakili kazi hiyo moyoni peke yake: huiandika na kuichora, ili wa pili asianze tena kwenye alifu.

Ndivyo ilivyookolewa Domesday mpya. Katika mwaka 2002 wanazuoni wa Vyuo Vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha kwamba kompyuta ya kisasa inaweza kufundishwa kuiiga ile ya zamani hata habari zikasomeka. Mwaka 2011 BBC iliziweka habari za vijiji katika tovuti. Mwaka 2018 tovuti ile ikafungwa, na nakala ikabaki katika Hifadhi ya Nyaraka. Nao wale wapenzi wa kujitolea hawakuridhika. Waliunda kifaa kidogo kinachonasa mawimbi ya umeme yanayotoka katika jicho la leza, kabla mashine ya santuri haijayafasiri, kisha wakaandika programu ya kuyafasiri upya. Michoro na programu hizo wamezitoa bure kwa yeyote azitakaye. Kwa njia hiyo santuri haimtegemei tena mzee mmoja wala mashine moja.

Wako watakaosema kwamba hayo ni michezo ya watu wenye nafasi na fedha, na kwamba sisi tuna visima vya kuchimba na hospitali za kujenga. Hoja hiyo hatuidharau. Lakini tuwaulize: hati ya shamba, orodha ya waliozaliwa, hesabu ya karafuu iliyopimwa na vipimo vya maji ya kisima hicho hicho, vinahifadhiwa wapi siku hizi? Vimo ndani ya kompyuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba daftari lisilosomeka ni sawa na daftari lisilokuwapo, na wa kwanza kuumia atakuwa mnyonge ambaye haki yake haina shahidi mwengine.

Tena jambo hili kwetu si geni. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mitambo ya hesabu za Serikali kuleta vurugu mahali pa nafuu iliyotarajiwa. Marufuku hiyo ililegezwa na hatimaye ikaondoka, na leo hakuna anayetaka irudi. Lakini fundisho lake lingalipo: kununua mashine ni jambo moja, na kuifahamu ni jambo jengine. Anayeifahamu mashine huitawala, na asiyeifahamu hutawaliwa nayo.

Pale Kilimani, katika Hifadhi yetu ya Nyaraka, zimo hati za Kiarabu na barua za zama za usultani ambazo mtafiti huzifungua na kuzisoma. Je, mtafiti wa miaka 50 ijayo ataikuta diski ya ofisi ya leo katika hali gani? Hewa yetu ya chumvi na unyevunyevu haina huruma kwa chuma wala kwa sumaku. Na hata diski ikisalimika, itahitaji mashine ya kuisoma, programu ya kuifasiri na mtu wa kuifahamu. Kikikosekana kimoja katika hivyo, vyengine vyote ni takataka.

Kwa hivyo tunatoa rai kwa wahusika. Kwanza, ofisi yoyote isitupe wala kunadi kompyuta kuukuu au sanduku la diski kabla ya watu wa nyaraka kuitwa, wakasoma yaliyomo na kuyanakili. Pili, kila kumbukumbu ihifadhiwe pamoja na maelezo ya programu iliyoiandika, na mtumishi anayestaafu asiondoke mpaka ameandika anachokijua, kwani ujuzi ulio kichwani mwa mtu mmoja huzikwa naye. Tatu, kunakili kusiwe kazi ya siku moja ya sherehe. Tovuti ya mwaka 2011 iliyofungwa mwaka 2018 inatosha kutuonya kwamba kuhifadhi ni kazi ya kurudiwa kila baada ya miaka. Nne, baadhi ya mashine zilizokwisha kazi wapewe wanafunzi wa skuli na vyuo vyetu vya ufundi wazifungue, waziharibu na wazitengeneze. Tunao vijana wanaokaa vibarazani na vyuma vya kuunguzia risasi wakifufua simu na redio ambazo wenyewe wamezikatia tamaa. Hao wasionekane wapotezaji wa wakati. Katika mikono kama hiyo ndimo santuri za Domesday zilimookolewa.

Kila mwaka mashine mpya huletwa, na ni haki yetu kuzipokea na kuzitumia. Lakini wazee wetu walikwisha kutuusia tusitupe mbachao kwa msala upitao. Mbachao wa leo upo katika kabati za ofisi zetu, umefunikwa vumbi. Ufunguliwe, usomwe na unakiliwe maadamu wangalipo wanaojua kuusoma.