Kobe anapoelea upande mmoja



Kwetu Isangi, pale Lomami inapoingia katika mto Kongo, hakuna mtoto asiyemjua kobe wa maji. Wavuvi wanarudi naye ndani ya wavu, na yule aliye mdogo mno kwa chungu anapewa mtoto acheze naye. Ndivyo anavyofika nyumbani na kuwekwa katika beseni.

Wiki hii mama mmoja wa kikundi chetu alituita kwake. Kobe wa mtoto wake wa miaka saba alikuwa anaelea kwa siku tatu, upande wa kushoto umezama, wa kulia uko juu, kama mtumbwi unaoingia maji. Mtoto alikuwa amemwekea jiwe mgongoni ili ashuke. Na jirani alikuwa ameanza maneno: mnyama wa namna hii si wa bure, na aliyemleta nyumbani ni nani? Tuliketi, tukazungumza. Haya ndiyo tuliyoelezana.

Kwanza, kuelea si ugonjwa siku zote. Kobe si samaki; anavuta hewa kama sisi, na mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo. Akijaza hewa anapanda, akiitoa anashuka. Kobe mzima anaelea sawasawa pande zote mbili, na ukimkaribia anapiga mbizi mara moja. Aliyetoka mtoni juzi anaweza kukaa juu ya maji kwa woga tu. Huyo tumwache atulie.

Wa kuhangaikia ni yule anayeinamia upande mmoja na hawezi kuzama hata akijaribu. Mara nyingi ni nimonia. Pafu lenye ugonjwa linajaa makohozi, linakuwa zito, na upande ule unashuka. Mtoto wetu akiwa na makohozi anakohoa; kobe hana ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kwa hiyo hawezi kukohoa vizuri, na uchafu unabaki ndani. Tutazame dalili nyingine: anafungua mdomo akivuta hewa, anatoa mapovu puani, macho yamevimba, anakataa chakula. Ikiwa ni sehemu ya nyuma inayopanda, huenda tumbo limejaa hewa kwa sababu ya chakula kisichomfaa.

Ugonjwa huu unatoka wapi? Maji machafu, baridi ya usiku, kukosa jua, na chakula kibaya. Kwanga, wali na mkate si chakula chake. Tumpe samaki wadogo wazima, minyoo ya udongo, konokono, na majani ya matembele. Majani ya muhogo mabichi tusimpe, yana sumu. Sisi wenyewe tunayatwanga na kuyapika kwanza.

Akianza kuelea vibaya, tufanye hivi. Tuondoe jiwe au kamba yoyote: kobe anayezuiwa kupanda kuvuta hewa anakufa maji. Tupunguze maji mpaka aweze kusimama chini huku pua iko nje. Tumwekee tofali au kipande cha mti apande akauke. Beseni likae mahali penye joto, lipate jua la asubuhi, lakini nusu yake iwe na kivuli, maana maji ya beseni juani yanaweza kumpika. Maji yabadilishwe kila siku. Tusimpe vidonge vya watoto vilivyobaki nyumbani: kipimo chake ni kingine, na dawa hiyo mtoto anaweza kuihitaji kesho. Zikipita siku mbili bila nafuu, tumwulize mganga wa mifugo. Kobe mgonjwa asirudishwe mtoni, wala asiingie chunguni.

Sasa tuseme juu ya watoto wetu. Kobe, hata akiwa mzima, anaweza kubeba vijidudu vya salmonela vinavyoleta kuhara na homa kali. Marekani ilikataza mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni na kuugua. Basi mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika. Beseni lake lisiwe la vyombo wala la kuogeshea mtoto. Maji yake yamwagwe mbali na jikoni na kisima. Wenye umri chini ya miaka mitano wamtazame tu.

Na yale maneno ya jirani? Tulimjibu kwa upole kwamba kobe ana ugonjwa wa kifua, na ugonjwa wa kifua hauletwi na mtoto. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Neno dogo kama hilo, likiachwa litembee, limewafukuza watoto wengi nyumbani kwao. Wamama, tulikate likingali mlangoni.

Jiwe limeondolewa. Kobe yuko katika maji ya kina kifupi kando ya ukuta unaopata jua, na bado anainama kidogo. Hajala. Mtoto anamtafutia minyoo kila asubuhi, kisha anaosha mikono huku mama yake akimtazama. Jirani naye amekuja kuuliza hali yake.

Tukutane wiki ijayo.