Ngitili Zimerudi Shinyanga. Zimemrudia Nani?

Mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ngitili zilizobaki mkoani zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Mradi ulipofika ukingoni mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mkoa uliokuwa ukiitwa jangwa la Tanzania ukageuka darasa.

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga masika ili majani yakue, wakalifungua kiangazi kikishakolea, kipande baada ya kipande. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha. Walioivuruga ndio waliotoka mbali: misitu ilifyekwa kwa jina la kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakatanuliwa, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu, ngitili zikabaki hazina mwenyewe. Anayemlaumu ng'ombe aanzie hapo.

Mwaka 1968 Garrett Hardin alidai kuwa malisho ya wote hayana budi kuharibika, kwa kuwa kila mfugaji atazidisha mifugo yake. Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2009, alipita kwa wavuvi, wafugaji na wakulima wa mifereji akakuta wengi wao wamejiwekea kanuni zinazofanya kazi. Shinyanga iko upande wa Ostrom. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati aliitwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, akatozwa faini, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, hawakuwa watu wa kubembeleza. HASHI ilikuwa na busara ya kuegemea utaratibu huo badala ya kumwaga askari wa misitu.

Sifa nyingi huishia hapo. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii na shirika la IUCN, wa mwaka 2005, ulikadiria kuwa ngitili humpa mtu mmoja faida ya dola 14 za Marekani kwa mwezi, ilhali matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50. Ni hesabu tamu: malisho, kuni, nyasi za kuezekea, asali, dawa. Ila wastani una tabia ya kuwaficha watu. Ngitili nyingi ni za kaya, na kaya yenye ardhi kubwa ndiyo yenye ngitili kubwa, yenye ng'ombe wa kuilisha na nafasi ya kukodisha malisho yanayobaki. Mjane asiye na shamba huomba ruhusa ya kuokota kuni, na dagashida, kwa desturi, ni kikao cha wanaume. Utafiti unaopima majani bila kuuliza nani anakaa kikaoni umefanya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.

Swali la nani ananufaika sasa lina bei. Tangu kanuni za biashara ya kaboni zitoke mwaka 2022, wanunuzi wanabisha hodi vijijini, na miti iliyokuwa kuni na kivuli imekuwa mkataba. Halmashauri za vijiji zisitie saini kabla ya kuandika daftarini, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ngitili ipi ni ya nani, nani hana, na asiye nayo atapata nini katika fedha za kaboni.