Wanaolipa Ushuru Kibirizi Waone Hesabu

Aprili 2016 Manispaa ya Kigoma-Ujiji iliwekwa kwenye orodha moja na Paris, Madrid, Seoul, São Paulo na Austin ya Marekani. Zilikuwa serikali 15 za miji, mikoa na majimbo zilizochaguliwa duniani kote kufanya majaribio ya Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi, OGP, katika ngazi iliyo chini ya serikali kuu. Afrika ilitoa tatu tu: Sekondi-Takoradi ya Ghana, Elgeyo-Marakwet ya Kenya, na mji huu wa dagaa na mgebuka uliopo mwisho wa Reli ya Kati. Baraza la madiwani lilikuwa chini ya ACT-Wazalendo, na mbunge wa Kigoma Mjini alikuwa Zitto Kabwe, aliyewahi kuiongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali.

Heshima hiyo haikudumu. Tanzania, iliyojiunga na OGP mwaka 2011, ilijitoa mwaka 2017, na Kigoma-Ujiji ikabaki bila mhimili. Elgeyo-Marakwet waliendelea.

Kupoteza kiti kwenye mikutano ya kimataifa si jambo la kulilia. La kusikitisha ni kwamba ahadi ya uwazi ilitoka mlangoni wakati mifumo ya kidijitali ikiingia kwa wingi. Malipo ya serikali yakahamia kwenye mfumo wa GePG na namba zake za malipo. Wakusanya ushuru wakashika mashine za POS. Halmashauri zikaletewa mfumo wa mapato wa TAUSI, na kuanzia Julai 2023 zabuni za umma zinapitia mfumo wa NeST. Mchuuzi anayepakia magunia ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi, au anayeuza mihogo soko la Mwanga, anatakiwa kupewa risiti iliyotoka kwenye mashine. Hayo ni maendeleo, na safu hii haitamani hata kidogo kurudi kwenye vitabu vya stakabadhi za mkono.

Lakini mashine hailindi fedha peke yake. Kwa miaka kadhaa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zimerudia jambo lile lile kuhusu halmashauri mbalimbali nchini: POS zinakaa nje ya mtandao muda mrefu, na fedha zilizokusanywa hazifiki benki. Tatizo linajulikana. Linajulikana kwa kuchelewa, na hapo ndipo shida ilipo.

Hebu tuhesabu. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi na kuisha Juni 30. CAG anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi unaofuata, kisha inapelekwa bungeni Aprili. Maana yake, mashine iliyozimwa Julai 2023 inasomwa hadharani Aprili 2025, baada ya miezi 21. Kufikia hapo mkusanyaji anaweza kuwa amehamishwa, mweka hazina amebadilika, na mchuuzi hakumbuki tena risiti aliyonyimwa. Ukaguzi wa aina hiyo ni wa lazima, ila hauwezi kuwa jicho pekee.

Taifa lilipata somo la gharama kubwa katika mkataba wa kampuni ya Lugumi na Jeshi la Polisi. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilipewa kazi ya takriban shilingi bilioni 37 ya kufunga mashine za alama za vidole katika vituo 108 vya polisi. Mwaka 2016 Kamati ya Hesabu za Serikali ilielezwa kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imelipwa, ilhali vituo vilivyofungiwa ni 14. Kila kituo kina mtaa wake na watu wanaopita mlangoni kila siku. Kama orodha ya vituo 108 ingekuwa hadharani, pamoja na tarehe ya kila kimoja kufungiwa, wananchi wangejua mapema kabla ya kamati yoyote kuketi Dodoma.

Wenzetu wamejaribu njia hiyo. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilifungua ukurasa wa mtandaoni unaoonyesha miradi yake mikubwa ya teknolojia: gharama, ratiba, na alama ambayo ofisa mkuu wa teknolojia ya habari wa kila wizara ameupa mradi wake. Mradi ukisuasua, jina la anayewajibika lipo pale pale. Haukuondoa uzembe wote, lakini uliondoa kisingizio cha kutojua.

Vivyo hivyo kwa mradi wa minara 758 ya simu uliosainiwa Mei 2023. Mkazi wa Kalya, kusini kabisa mwa mwambao wa ziwa mkoani Kigoma, anastahili kuona kama kata yake imo na mnara umewashwa lini. Jumla ya kitaifa inayosomwa jukwaani haimsaidii.

Sheria haikosekani. Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kupewa taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa siku 30 kwa taasisi kumjibu aliyeomba. Manispaa ya Kigoma-Ujiji haihitaji OGP, wala mfadhili, kubandika kila robo mwaka karatasi moja Kibirizi, Katonga, Mwanga na kwenye ofisi za kata: POS ziko ngapi, kila moja imekusanya kiasi gani, kiasi gani kimefika benki na lini, na ilikaa siku ngapi nje ya mtandao. Takwimu hizo tayari zimo ndani ya mfumo. Madiwani wazidai katika kikao kijacho cha Baraza. Na mchuuzi anayelipa ushuru, asisubiri diwani: aandike barua, aipeleke kwa Mkurugenzi, agongewe mhuri kwenye nakala yake, kisha ahesabu siku 30.