Tuzo za mawasiliano kazini: tumuulize kwanza mtu wa zamu ya usiku

Mwaka jana, rafiki yangu mmoja anayeshughulika na mawasiliano katika kampuni ya hapa Lubumbashi aliniomba nimsaidie kupanga faili. Wakubwa wake walitaka kushindania tuzo ya kimataifa ya mawasiliano na wafanyakazi, kwa kampeni yao juu ya usalama kazini. Picha zilikuwa nzuri, video pia. Mabango yalichapishwa kwa rangi, Kifaransa juu, Kiingereza chini. Nikauliza Kiswahili kiko wapi. Akacheka, akanijibu kwamba majaji hawasomi Kiswahili.

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Kumbe bango lilitengenezwa kwa ajili ya majaji, si kwa ajili ya mtu anayeshika mashine usiku wa manane.

Sisemi kampuni zetu zisishiriki. Zishiriki, tena nyingi. Ukisoma masharti ya tuzo hizi unakuta ukali ambao wakubwa wengi hawautarajii. Chukua Gold Quill, inayotolewa na IABC, chama cha kimataifa cha watu wa mawasiliano kilichoanzishwa mwaka 1970. Pale hautumi bango peke yake. Unaeleza kulikuwa na shida gani, ulikuwa unasema na watu gani, ulitaka kufikia lengo gani lenye kupimika, na mwishowe nini kilibadilika. Majaji wanatoa alama kutoka 1 hadi 7, na uzuri wa rangi hautoshi.

Kwenye matokeo ndipo faili yetu ilikwama. Rafiki yangu alikuwa ameandika idadi ya mabango yaliyobandikwa na idadi ya watu waliolipenda tangazo kwenye Facebook. Nikamwomba twende asubuhi pale basi ya kampuni inaposhusha watu wa zamu ya usiku. Tuliongea na watu kumi na mmoja. Wote walikuwa wameliona bango kwenye valve. Lilisema hivi: kabla ya kusafisha mkanda unaobeba mawe, kata umeme, funga kwa kufuli yako mwenyewe, na ufunguo ubaki mfukoni mwako. Wawili tu ndio walituelezea hivyo. Wengine, kwa kuona picha ya kufuli, walidhani ni onyo juu ya wezi wa vitu kwenye makabati. Mmoja alisema dereva wa basi ndiye aliyewaeleza.

Watu hao wanasafisha mkanda huo kila usiku.

Na Katanga si wageni katika kazi hii. Union Minière ilianzisha gazeti lake la wafanyakazi, Mwana Shaba, mwaka 1957, na Gécamines ikaliendeleza. Lilikuwa sauti ya mwajiri, tusidanganyane. Lakini hata jina lake lilikuwa la Kiswahili, na leo, miaka mingi baadaye, tunarudi nyuma kwa kubandika maneno ambayo msomaji hayaelewi, halafu tunayaombea tuzo.

Kushiriki kunalipiwa, wakati mwingine dola mia kadhaa. Kabla ya kutoa pesa hizo, wajumbe wa sendika wapewe faili waisome na waweke sahihi kwenye ukurasa wa matokeo. Wakikataa, isitumwe. Najua wakubwa watasema hilo si jambo la sendika. Basi ni la nani, ikiwa tuzo yenyewe ni ya kusema na wafanyakazi?

Rafiki yangu hakutuma faili ile. Alimpa fundi mmoja mzee simu arekodi maelezo ya kufuli kwa Kiswahili chetu cha hapa, dakika moja na nusu, yakapita katika vikundi vya WhatsApp vya wafanyakazi. Mwaka huu anataka kujaribu tena. Nimemwambia tuanzie palepale kwenye basi, na safari hii aje na daftari.